Abee, Mama

Hii sikusimuliwa na jirani wa jirani. Ilimpata mdogo wangu, tumbo moja, na mimi nilikuwepo.

Alikuwa na ukumbi wa video: mabenchi, skrini kubwa, pazia jeusi dirishani. Filamu za kigeni alizitia sauti ya Kiswahili mwenyewe. Mzee anakohoa, bibi harusi analia, mbwa anabweka, wote ni yeye. Watu wakamwita Spika. Duka langu la kushona lilikuwa ukuta kwa ukuta na ukumbi wake. Binti yake alishinda kwangu akicheza na vipande vya vitambaa wakati mama yake, muuguzi, yuko kazini. Tulimwita Kasuku, maana alirudia kila alichosikia.

Basi ikaja filamu moja ya kutisha iliyovuma kabla haijafika. Eti huko ilikotoka watu walizimia. Spika akabandika tangazo mlangoni: wenye roho nyepesi wabaki kwao. Mchana ule watu walikaa mpaka chini.

Ikawa bure kabisa. Mwanamke wa gauni la kijivu anatembea ndani ya nyumba yenye milango mingi. Uso wake hauonekani. Anagonga mlango, anaita, "Mwanangu?" Anangoja. Kimya. Anakwenda mlango mwingine. Hivyo hivyo mpaka mwisho!

"Huyu mama ni seremala," mtu akapaza sauti, "anakagua milango!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kisha ukazomea. Spika alikasirika. Namjua mdogo wangu, ukiidharau kazi yake ni kama umemtukania mzazi.

"Hakuna filamu mbovu, dada," aliniambia. "Kuna mtia sauti mvivu."

Jioni akamkalisha Kasuku mbele ya maiki. Mwanamke akiita, mtoto aitike. Basi, filamu imepona.

"Unamfundisha mtoto kuitika mtu asiyemjua?" nikamuuliza. "Sisi si tulikatazwa?"

"Dada, picha tu hiyo."

"Abee, mama," akasema Kasuku kwenye maiki. "Niko huku."

Mchana uliofuata nilimwacha mtoto dukani na vitambaa vyake, nikaenda kukaa benchi la nyuma. Mwanamke akagonga, akaita. Sauti ya Kasuku ikaitika. Watu wakashangilia, Spika akanikonyeza.

Lakini mwanamke hakwenda mlango mwingine.

Alisimama. Alisimama muda mrefu. Kisha akaanza kugeuka, polepole, kuelekea kwetu. Kelele zikafa.

"Hiyo sijaiweka," Spika akanong'ona. "Mimi naweka sauti. Picha siigusi."

Mwanamke akasema, "Itika tena." Kiswahili safi. Sauti haikuwa ya Spika. Haikuwa ya mtu yeyote ninayemjua.

Na nyuma ya ukuta, upande wa duka langu, nikasikia: "Abee, mama. Niko huku."

Nilikimbia. Kasuku alikuwa amesimama, uso ameubana ukutani, anatabasamu. Spika akachomoa nyaya zote. Watu walishatoka, wengine bila viatu.

Akafuta sauti yote aliyotia. Akaicheza tena ile ya asili, mlango umefungwa, mimi na yeye tu. Sauti ya mtoto ilikuwepo bado. Ilitokea nyuma ya kila mlango.

"Haikuwa mbovu," alisema. "Waliitengeneza hivyo makusudi. Hakutakiwa mtu aitike."

Aliivunjavunja flashi iliyokuja na ile filamu kwa nyundo, vipande akavitupa chooni. Kasuku akala, akacheza, akalala vizuri. Tukapumua. Wifi yangu hatukumwambia kitu, kwa nini tumtie hofu bure?

Asubuhi moja wifi akaja dukani na mtoto, anacheka. "Wifi, asante kwa kumsuka mtoto. Umejifunza lini?"

Mimi nimeshona maisha yangu yote, lakini kusuka sijui hata pa kuanzia. Nikamtazama Kasuku. Mistari myembamba, imenyooka, mtindo ambao sijawahi kuuona. Mafuta yalikuwa mabichi bado.

Ndipo tukamweleza kila kitu. Wifi hakupiga kelele. Alimrudisha mwanawe nyumbani, akachukua wembe, akamnyoa mpaka ngozi, huku analia. Niliogopa kuliko siku ya ukumbini, maana mtoto alikuwa anamhurumia. "Usilie," alimwambia. "Zitaota."

Kichwa kilibaki cheupe. Tulimwacha pale nyumbani na baba yake, tukaenda dukani kwangu kumtafutia kitambaa cha kujifunga. Hatukukawia. Tuliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Wifi akagonga. "Mwanangu?"

Kimya.

Akagonga tena, akaita kwa nguvu, sauti ikampasuka. "Mwanangu, ni mimi! Itika!"

Komeo likalia. Mlango ukafunguka kidogo. Nilimwona Spika sakafuni, ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Mbele yake amesimama Kasuku. Kichwa tulichokinyoa muda mfupi uliopita kilikuwa kimejaa nywele, zimesukwa, mafuta yanamtiririkia shingoni.

Akamtazama mama yake kwa adabu yote ya mtoto aliyefundishwa kupokea wageni.

"Shikamoo," akasema. "Mama yuko ndani. Nikuitie?"