Kitufe cha Kijani

Marehemu alikutwa amejikunja nyuma ya mlango wa chumba cha barafu, amevaa gauni lake la kupokelea wageni. Ngumi zake zilikuwa zimechubuka. Mlango wote kwa ndani, kutoka usawa wa kichwa hadi magotini, ulitapakaa damu iliyoganda, isipokuwa mahali pamoja: duara safi, ukubwa wa sahani, na katikati yake kitufe kikubwa cha kijani.

Inspekta alilitazama duara lile kwa muda. Alikuwa mama wa makamo, ameletwa na boti ya asubuhi kutoka kisiwa kikuu.

"Baridi ndiyo iliyomuua," alisema daktari. "Hakuna jeraha jingine. Alifariki jana, nadhani mchana."

"Jana mchana si ndipo wafadhili walipokuwa hapa?"

"Hapo nje, afande. Wanapiga makofi."

Bango lilikuwa bado linaning'inia juu ya jengo: WANAWAKE MBELE, KISIWA MBELE. Mbele wapi, jamani! Mmoja wao alikuwa nyuma ya mlango anakata roho, na ngurumo ya mashine ya barafu inameza kelele zake, huku wageni wakisifiwa kwa kuleta usawa.

Ofisa wa mradi huo wa wanawake wa kuhifadhi samaki, bwana mwenye miwani ya jua kichwani, hakutaka mambo kuwa marefu.

"Ni ajali, afande. Mlango ulijifunga. Hicho kitufe ni cha dharura. Ukikisukuma, mlango unafunguka hata kama umefungwa kwa komeo nje. Marehemu alifundishwa. Wanawake wote walifundishwa. Andika uzembe, tumalize. Ukiandika vingine, wafadhili watakata msaada na mashine itaondoka."

"Uzembe?" Sauti ilitoka mlangoni. Ni dada wa marehemu, aliyeikuta maiti alfajiri alipokuja kuchukua samaki. "Mdogo wangu ndiye mzembe? Ana watoto wawili yule! Unataka wakue wakiambiwa mama yao alikufa kwa ujinga wake mwenyewe?"

Ofisa akatazama simu yake.

Maiti ilipokwisha kutolewa, Inspekta alimwita dada mtu ndani ya chumba, amwonyeshe ilivyokuwa imelala. Wakati anaonyeshwa, alinyoosha mkono ajaribu kile kitufe.

"Usikiguse!" Dada mtu alimvuta kwa nguvu hadi kofia ikaanguka. "We, afande! Kina umeme hicho! Kinakuua papo hapo!"

Inspekta alilitazama tena lile duara safi.

"Nani aliyekwambia?"

"Shemeji. Mume wa marehemu, ndiye msimamizi. Alituambia wote siku mashine ilipowashwa."

"Na yale mafunzo yenu?"

"Yetu? Walikwenda waume zetu. Walisema bahari imechafuka, wanawake mtatapika tu njiani. Wakarudi na fulana zimeandikwa Mwanamke Jasiri. Shemeji ya kwake anavaa mpaka leo."

Inspekta aliinama akaokota kofia. Tusi lilimfika mdomoni, akalimeza kwa heshima ya msiba.

Msimamizi aliletwa, macho yamemvimba. Alikuwa analia kweli, tusimsingizie.

"Pole sana, bwana."

"Nimeshapoa, afande. Nimekwisha mimi."

"Jana wageni walipomuulizia mkeo, uliwaambia nini?"

"Kwamba anaumwa."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Kichwa. Alilalamika asubuhi."

"Anaumwa kichwa, akavaa gauni la sherehe, akaingia kwenye barafu?"

Msimamizi akajifuta machozi.

"Haya. Njoo unisaidie kitu kimoja."

Waliingia chumbani wawili. Konstebo akaufunga mlango nje kwa komeo, kama alivyoagizwa. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekusanyika pale nje na dada mtu. Ndani, Inspekta alikunja mikono, akaacha baridi ifanye kazi yake. Meno ya msimamizi yakaanza kugongana.

"Afande, tutoke."

"Tutatokaje? Tumefungiwa."

"Ah!" Alinyoosha mkono nyuma yake bila hata kugeuka, akakisukuma kitufe. Mlango ukafunguka.

Nje, mwanamke mmoja alipiga yowe. "Hakijamuua! Jamani, hakijamuua!"

Msimamizi aliutazama mkono wake uliokuwa bado kwenye kitufe. Akautoa. Kisha akaketi pale pale kizingitini.

"Zungumza," alisema Inspekta.

"Alitaka kusema mbele ya wageni. Kwamba usimamizi ulitakiwa kuwa wa mwanamke. Kwamba hata kuwasha mashine hawajui, wanabeba samaki tu kama zamani. Nilimsihi, afande. Akasema, leo nasema, ukitaka niache. Nikamtuma alete samaki wa kuwaonyesha wageni. Nikasukuma komeo."

"Ulimsikia akigonga?"

"Nilimsikia."

"Ukafanyaje?"

"Nikaanza hotuba."

Dada mtu alijishika kichwa kwa mikono miwili. Inspekta hakugeuka.

"Endelea."

"Nilitaka akae mpaka wageni waondoke, basi. Wakaniomba niwasindikize gatini. Wakanipa soda, tukapiga picha. Niliporudi, alikuwa kimya. Nikaita, kimya. Nikafungua komeo, nikaenda nyumbani."

"Hata mlango hukuufungua?"

"Niliogopa."

"Ungewaambia ukweli wa hiki kitufe tangu siku ya kwanza, ungepungukiwa na nini?"

"Wangejua kila kitu, afande. Leo kitufe, kesho swichi, keshokutwa mashine nzima. Wakishajua wao, mimi ningekuwa nani hapa?"

Konstebo akamtia pingu. Ofisa wa mradi alikuwa amejitenga pembeni, simu sikioni, akimtuliza mtu wa mjini: msimamizi mwingine yupo, mdogo wa kiume wa huyu huyu, naye alihudhuria mafunzo.

Dada mtu alisogea hadi mbele ya mtuhumiwa. Konstebo alitaka kumzuia, Inspekta akamkataza kwa kichwa.

"Unauliza ungekuwa nani? Ungekuwa mume wake, shemeji," alisema. "Kwani hilo lilikuwa jambo dogo?"