Kamera Isiyopepesa Jicho

Kiboksi cha kijani kiliuacha uso wa Kipodozi kikaenda kutulia kwenye pazia tupu nyuma yake.

Dada Mkubwa aliondoa jicho kwenye kitundu, akaitazama ile kamera kama anavyotazamwa mtoto aliyeshikwa na uongo. Akachungulia tena. Mdogo wake alikuwa pale pale kwenye stuli, uso umepakwa poda nusu, anatafuna jojo. Kiboksi kile kazi yake ni kuyakamata macho ya mtu ili picha isitoke na ukungu, lakini hakikuwa na habari naye kabisa. Kilikuwa juu kidogo kwenye kitambaa cheupe, pale ambapo yangekuwa macho ya mtu mrefu, kama angekuwepo mtu.

"Kaa sawa," akamwambia.

"Mimi nimekaa sawa. Hiyo kamera yako ndiyo haijakaa sawa."

Basi ujue mambo yalivyokuwa. Ndugu hawa wawili waliachiwa studio na baba yao. Mkubwa anapiga picha, na mtaa mzima, hata wazee wanaoweza kumzaa, wanamwita Dada Mkubwa. Mdogo anapamba maharusi, ndiyo maana ya jina lake, na ulimi wake mkali kuliko wembe anaochongea nyusi za watu. Kamera yao ya zamani ilikata roho katikati ya harusi, aibu ambayo usimwombee hata adui yako. Muuza kamera wa barabara ya pili akawaonea huruma, akawapa mbili wazijaribu, wachague moja na nyingine wairudishe.

Moja ilikuwa DSLR ya ukubwa wa kati, inajaa mkono. Ndani ina kioo kidogo kinachokuletea jichoni kile kilicho mbele yako, na kila ukipiga, kioo kinaruka juu, unaona giza la kufumba na kufumbua, kla, halafu unaona tena. Ya pili ilikuwa ndogo, nyepesi, haina kioo. Ukichungulia unakuta kijitivii chenye kile kiboksi cha kijani, na hakizimiki hata unapopiga. Dada Mkubwa alikuwa amekulia kwenye DSLR, vidole vyake vinaijua gizani. Lakini shingo ilikuwa inamuuma miaka yote, na ile ndogo ilikuwa inamwita.

Na siku hizo hizo walikuwa wamevunja ukuta. Nyuma ya studio kulikuwa na chumba cha giza, alimokuwa akisafishia filamu marehemu baba yao. Kilifungwa tangu siku aliyofariki. Studio ilikuwa imewabana, wakamwita fundi, ukuta ukaanguka, pazia la kupigia picha likaenda kutundikwa humo humo. Wakafagia vumbi, wakaendelea na maisha yao.

Sasa, wapiga picha wana ugonjwa wao. Mpiga picha akiona doa kwenye picha, anafuta lenzi. Akiona doa tena, anabadilisha lenzi. Siku zote kosa ni la mashine. Haimpitii kichwani hata siku moja kwamba kitu kinaonekana kwa sababu kipo. Ndivyo alivyofanya Dada Mkubwa. Alimpigia simu muuza kamera, naye akacheka, akasema hizo kamera mpya zina wenge, zinaona macho hata kwenye mikunjo ya nguo. Pazia likapigwa pasi. Kiboksi hakikuondoka. Likatundikwa la kijivu. Kiboksi pale pale. Kipodozi akauliza nani anaunguza nywele, maana chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua, na pasi yake ya nywele ilikuwa imelala kwenye droo, baridi.

"Ngoja nifute lenzi," akasema Dada Mkubwa, akashusha kamera.

Alisikia stuli ikianguka. Alipoinua macho, Kipodozi alikuwa anaburutwa kwa nywele sakafuni kuelekea pazia, kichwa kimevutwa nyuma hadi koo limetokeza, na mkono wake mmoja, aliokuwa ameshikia mguu wa stendi ya taa asiende, ukafunguliwa kidole kimoja kimoja, viwili vikavunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Dada Mkubwa hakumwona anayeburuta. Bila kujua anafanya nini akainua kamera jichoni, kama mwingine angeinua mkono kujikinga, na papo hapo kila kitu kikasimama. Kipodozi akaachiwa. Kiboksi kilikuwa kimetulia tuli, ila sasa hakikuwa juu. Kilikuwa kimeinama karibu na sikio la mdogo wake.

Walilala kwa shangazi yao. Asubuhi shangazi akawatafutia mganga, mzee mnene mwenye pumu, anayesifika kwa kutoa majini hata yaliyoshindikana. Alikuja na kitabu chake na chetezo cha ubani, akazunguka studio anakohoa, kisha akamwambia Dada Mkubwa ashike hiyo kamera amwonyeshe adui.

Dada Mkubwa akachungulia.

"Liko wapi?" mganga akanong'ona.

"Mbele yako, mzee. Linakutazama machoni."

Mganga hakurudi nyuma, na hapo tumpe haki yake. Alisoma, jasho linamtiririka, sauti inapanda, na muda wote huo kiboksi hakikutikisika hata unywele. Dada Mkubwa akaanza kuamini kwamba kisomo ndicho kilicholifunga. Moshi wa ubani ukamwingia jichoni. Akajikaza, akajikaza, jicho likawaka moto, akaliondoa kwenye kitundu alipanguse kwa mkono, na kabla hajamaliza kupangusa yule mzee mnene alikuwa ameinuliwa kwa taya kama jagi linavyoinuliwa kwa mshikio, miguu haigusi chini, akapigizwa ukutani uso kwanza, akavutwa, akapigizwa tena, na meno yakamwagika sakafuni.

Dada Mkubwa alichungulia tena, likamwachia. Mganga aliinuka mdomo mzima ni damu, macho yamemtoka pima, akaokota nyundo ambayo fundi aliisahau. Akampokonya kamera mkononi. Akaipiga hata ikabaki unga na nyaya.

"Humu ndimo lilimokuwa linakaa," akasema kwa meno yaliyobaki. "Kabla ya hiki kidude mliwahi kuliona?"

Kweli, hawakuwahi. Kwa mpiga picha hilo likaingia akilini moja kwa moja: mashine ndiyo mbovu, mashine imevunjwa, mambo yamekwisha. Wakamtoa mzee nje, wakamwosha uso bombani, wakamtafutia usafiri. Waliporudi ndani harufu haikuwepo. Kipodozi alicheka mpaka akalia, akaegemea bega la dada yake, akasema basi uchaguzi umeshafanyika, sasa beba zigo lako mpaka shingo ing'oke.

Kesho yake walikuwa na harusi. Dada Mkubwa akaichukua DSLR, akaiweka ipige mfululizo, maana watu wakicheza huwezi kuwasubiri. Kabla hawajatoka studio, Kipodozi akakaa kwenye stuli na mkono wake uliofungwa bandeji, picha zijaribiwe kidogo tu.

Kupitia kioo Dada Mkubwa aliona pazia safi na uso wa mdogo wake, basi. Hakuna kiboksi juu, hakuna kitu. Moyo ukamtulia. Akabonyeza.

Kla, giza, na mwanga uliporudi mdomo wa Kipodozi ulikuwa umepasuka, tabasamu bado halijamtoka, kla, giza, shavu limefunguka kuanzia sikioni, na kidole cha Dada Mkubwa, badala ya kuachia kitufe, kikakaza kama mkono wa mtu aliyeshika waya wa umeme, kla, giza, shingo imezungushwa, kla, giza, jicho la kushoto halipo mahali pake, kla, giza, na katika kila giza alisikia kipigo, kizito, kwenye nyama, na katika kila mwanga pazia lilikuwa safi na hakuna mtu, na ndipo akaelewa, huku analia kwa sauti asiyoijua kuwa ni yake, kwamba ile kamera ndogo haikuleta kitu. Ilikuwa inalitazama tu, nalo lilipovunjiwa kamera lilijificha kungoja jicho jingine. Na kitu kilichokuwa kimefungiwa kwenye chumba cha giza, ukikitazama hakisogei, ukiondoa jicho kinapiga, naye alikuwa amechagua mashine ya kuondoa jicho mara nyingi kwa pumzi moja.

Alitupa kamera, akamkumbatia mdogo wake, akatoka naye mpaka barabarani. Watu wakawachukua.

Hospitali ilimshona Kipodozi uso, ikamfunga shingo kwa kola ngumu. Jicho halikuokoka. Walimlaza chumba cha peke yake, na mchana wa jua kali Dada Mkubwa akaingia akiwa na kamera ndogo nyingine, ndugu wa ile iliyovunjwa, aliyoichukua kwa muuza kamera bila hata kumweleza kilichotokea.

Kipodozi aliisikia ikitolewa kwenye begi.

"Usichungulie," akasema polepole kupitia bandeji. "Dada, nakuomba. Tangu jana hakuna kilichonigusa. Niache hivi hivi."

"Nitaangalia mara moja tu. Roho yangu itulie."

"Na ukilikuta?"

Dada Mkubwa alivua kifuniko cha lenzi. Alimpenda mno kiasi cha kushindwa kumsikiliza. Akainua kamera. Uso wa mdogo wake ulikuwa bandeji tupu, kamera haikuutambua kama uso wa mtu. Lakini kiboksi kilitokea. Kilikuwa upande wa miguuni, chini chini, urefu wa mtu aliyechuchumaa kando ya kitanda akisubiri aitwe.

Hapo akajua alichokifanya. Kabla hajalitazama lilikuwa limetulia. Sasa alikuwa amelishika kwa jicho, na jicho hilo hawezi kuliondoa tena.

Akasimama hivyo. Muuguzi aliingia, akaona mwanamke anampiga picha mgonjwa, akamkaripia, akatoka. Akafumba jicho moja, akafungua jingine, akajifunza kubadilisha macho kwenye kitundu bila kukiacha hata kidogo, huku harufu ya nywele zilizoungua ikipanda taratibu kutoka sakafuni, na kiboksi kinamngoja, hakina haraka yoyote. Kisha pembeni mwa kijitivii alama ya betri ikaanza kumeta nyekundu.

Betri ya akiba ilikuwa kwenye begi, karibu na mguu wake. Lakini kuibadilisha lazima kwanza uzime.

"Mbona umenyamaza?" Kipodozi akauliza.

"Nimechoka. Sogea kidogo, nilale na wewe."

"Kama zamani?"

"Kama zamani."

Akasogea kinyumenyume hadi ubavu wa kitanda, jicho kwenye kitundu, akainamisha kiwiliwili chake juu ya mdogo wake, kifua chake kikafunika ule uso wa bandeji na mkono wake wa kushoto ukazunguka ile kola. Alimwambia asiogope. Alimwambia yeye yuko hapa, atakayekuja aanze na mgongo wake. Nyekundu ikameta mara nyingine, na kijitivii kikazimika.

Nje mtu alikuwa anasukuma kitoroli cha dawa. Dada Mkubwa alikaza mgongo akingoja, na mgongo haukuguswa.

"Dada," Kipodozi akanong'ona, "ondoa miguu yako. Unanikalia magotini."

Miguu ya Dada Mkubwa ilikuwa bado sakafuni.