Barua Ndani ya Kibarua

Katika chumba cha kupigia pasi, mvuke haukuisha. Ulipanda polepole hadi darini, ukafunika taa, na watu wakaonekana kama wanaelea. Mama mmoja, ambaye wenzake walimwita Pasi, alinyoosha mashuka ya hospitali humo kwa miaka minne. Mikono ilifanya kazi, mawazo yakaenda zake. Siku hizi yalimwendea mtoto aliyekuwa tumboni, miezi mitano sasa.

Alifurahi, lakini aliogopa. Mwenzake, Mrefu, aliposema ana mimba, msimamizi alimjibu, "Wewe kibarua tu. Kesho usije."

Kibarua kikaota nyasi hivyohivyo.

Jumamosi Pasi alikwenda kwenye darasa la watu wazima. Mwalimu, bibi mwenye sauti ya taratibu, aliandika neno ubaoni. Pasi akalisoma, kidole kikilifuata hewani.

"Ki-ba-ru-a." Kidole kikarudi nyuma. "Mwalimu, mbona humu ndani kuna barua?"

Mwalimu akacheka. "Umeiona! Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi. Akikionyesha, analipwa ujira wake. Mwishowe watu wakamwita yeye mwenyewe kibarua."

"Kama mimi ninavyoitwa Pasi!"

"Ndivyo, mwanangu. Sasa niambie, wewe una karatasi gani?"

Pasi alitazama dirishani. Vumbi lilielea juani, halina haraka. "Sina. Hata wale wa zamani wamenishinda."

"Miaka minne si kazi ya kutwa. Wewe na wenzako ombeni mkataba wa maandishi. Uwe na jina lako, kazi yako, saa, ujira na likizo ya uzazi. Usiende peke yako. Wakikataa, nendeni ofisi ya kazi."

Nyumbani, mumewe, fundi viatu, aliweka nyundo chini. "Mke wangu, wakikufukuza je?"

"Wakinifukuza leo au tumbo likionekana, kuna tofauti gani?"

Jumatatu wanawake sita waliingia kwa msimamizi.

"Nani kawatuma?"

"Tumejituma wenyewe," Pasi alisema. "Tunataka mikataba ya maandishi."

Msimamizi aliwapiga kalenda wiki mbili nzima, njooni kesho, njooni keshokutwa. Wakaenda ofisi ya kazi. Afisa alikuja, akauliza maswali, akataka kuona mikataba. Hakuna iliyopatikana. Mwezi ule ule mikataba ikaandikwa, na Mrefu akarudishwa kazini.

"Weka sahihi tu, mama, watu wana haraka," msimamizi alisema.

"Subiri, baba. Ndiyo kwanza nimefika mstari wa tisa."

Mstari wa tisa ulikuwa wa likizo ya uzazi. Aliusoma mara mbili, kisha akaandika jina lake lote.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Asubuhi moja jua lilikuwa limeshajaa kwenye pazia. Mumewe akakurupuka.

"Mama wee, saa mbili! Umechelewa kazini!"

Pasi akamvuta mtoto karibu, akafumba macho tena.

"Niko likizo," akasema.