Kioo Hakijafika

“Kioo ki wapi?” aliuliza Mwanamize. Watu wa jumba la maonyesho la Wawi walikuwa wamemkodolea macho mwanamke mchuma karafuu, yule wa picha ya mwanga iliyoandaliwa, aliyesimama katikati ya chumba, nyayo zake haziligusi zulia. Bimkubwa, mkata tiketi, mdogo wake Mwanamize, alikuwa karibu naye mno, anapigwa picha.

Kioo kilikuwa bado bandarini Mkoani. Na bila kioo hapana picha. Mwanamize, aliyesomea kazi hii na kukibuni chumba chenyewe, alilieleza hilo kila kikao mpaka akachoka: haya mnayoyaita hologramu si mtu wa kuning'inia hewani. Ni mwanga unaotupwa na mashine kwenye kioo kilichoinamishwa, ukarudi machoni mwako. Zunguka nyuma, huoni kitu. Mwanga lazima upate pa kushika, kioo, au hata moshi. Bwana Khatib, mkuu wa jumba, aliitikia kwa kichwa kila mara, kisha akatoka kuwaambia watu kwamba Pemba itapata mtu wa nuru, wa kuzungukwa kama nguzo. Katika yote aliyoambiwa, alilolishika ni moshi.

“Nani kafukiza humu?”

“Mie,” alisema Bi Kazija, mtunza vyombo. “Bwana Khatib kan'ambia nifukize, mwanangu, n'kafukiza.”

“Kwa chetezo kipi?”

Bi Kazija akaangalia pembeni. Kilikuwa kile cha kwenye chano cha mganga, sinia lake la kupungia, kilichoazimwa kwa maonyesho pamoja na ubani wake na mayai yake. Chano kizima, kimeandaliwa, kikafukizwa. Pemba nzima yajua anayeitwa kwa chano kama hicho ni jini.

Mwanamize akaunyanyua waya wa mashine. Haukuwa umechomekwa popote.

“Ndo hologramu zenyewe hizo, binti,” Khatib alicheka. “Zina chaji yake. Nyie wasomi hamna jema.”

Mwanamize akazunguka nyuma ya yule mwanamke, ambako kwa kila alichosomea hapakupaswa kuonekana chochote, na nyuma kulikuwa na uso, uleule, unamtazama, akarudi ubavuni na ubavuni nako uso, na harufu ya karafuu zilizoozea mvuani ikampanda puani, na kutoka kifuani mwa kile kitu ikaja sauti ya vikonyo vikivunjwa, ta, ta, ta, kama wanawake wanaochambua karafuu ukumbini, ila hapakuwa na mkono uliokuwa ukichambua, na watu wakapiga makofi, na makofi yakiendelea yule mwanamke akafifia, akaisha, lakini sauti haikuisha, sasa ilikuwa inatoka kooni mwa Bimkubwa.

Mzee Duni, mganga mwenye chano, aliitwa kabla ya magharibi. Alimnusa Bimkubwa utosini, akashusha sauti.

“Huyu naye hakai hewani. Keshapata kiti, mtu wa kumkalia. Kumtoa nitamtoa, lakini mkuu wenu awaambie watu kweli, kwamba ile haikuwa mashine. Jini hatoki pahala anapopigiwa makofi.”

“Bwana Khatib,” Mwanamize alinong'ona, “sema neno moja tu. Ni mdogo wangu.”

“Wageni washaalikwa, binti. Nikiwaambia nna jini ndani, nani ataingia?”

Mzee Duni akapunga hivyohivyo. Jini hakusogea.

Wageni walikuja. Bimkubwa alikuwa mlangoni, hapepesi macho, ile ta, ta, ta ikimtoka chinichini. Walimzunguka.

“Hologramu za siku hizi hata tiketi zinakata,” alisema bwana mmoja. “Nimegusa mkono, baridi hasa. Wamejitahidi.”

Mwanamize aliwaeleza mmoja mmoja. Mwanga haukati tiketi. Mwanga hauna mkono. Huyu ni mtu, ana mama yake. Waliitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa, kisha wakapiga makofi.

Yupo pale hadi leo. Basi ukipita Wawi na ukaingia, tafadhali, usipige makofi. Mwite kwa jina lake, Bimkubwa, na umngoje mpaka aitike.