Kilenga cha Shaba ya Hirizi

Keekee ilipenya kile kibati cha shaba bila kutoa hata unga. Rifet akapuliza meza kwa mazoea, hakuna kilichoruka. Akapitisha kidole, meza safi kama sahani iliyorambwa na paka. Shaba ikitobolewa hutoa vinyweleo vinavyong'aa, hilo hata sisi tulioikimbia shule tunalijua. Kisha akainua kibati usawa wa jicho aone kama tundu limekaa katikati, na kupitia lile tundu ukatoka upepo. Kidogo tu, wa vuguvugu, kama wa mtu anayehema karibu sana na uso wako. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, na nyuma ya kibati hakukuwa na kitu ila ukuta.

"Joto la keekee," Rifet akajisemea.

Mafundi wana jibu la kila kitu, ndiyo maana wengi wao hawana vidole kamili.

Rifet Dugonja alikuwa fundi wa bunduki wa vijiji vyote vya mlimani kwetu Bosnia. Mkono wake mzuri, sibishi. Tatizo ni macho. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kile kipengee cha nyuma cha kulengea, kilichokaa katikati ya mtutu, kwake kilikuwa ukungu mtupu. Na chama chetu cha wawindaji hakina huruma na ukungu. Kila vuli unapiga risasi tano kwa nguruwe mwitu wa karatasi, hatua mia moja. Nne zikiingia kwenye duara, umepita. Ukishindwa miaka mitatu mfululizo, kibali kinachukuliwa, na bunduki inakwenda kulala kituo cha polisi. Mwaka juzi Rifet alipiga ubao. Mwaka jana, Mungu amsamehe, alipiga choo cha chama, na bahati nzuri aliyekuwamo alikuwa amechuchumaa. Sasa ilibaki mara moja tu. Bunduki yenyewe aliachiwa na baba yake, na nani atampelekea silaha fundi aliyekatazwa kushika silaha?

Dawa aliijua: kilenga cha tundu. Unaondoa kile cha zamani, unafunga kibati chenye tundu nyuma kabisa, karibu na jicho. Unachungulia, jicho lenyewe linatafuta katikati, kijiti cha mbele kinasimama wima kama askari. Mzee anakuwa kijana. Ila cha dukani kinauzwa bei ya ndama, na Rifet ni mtu wa kunyoosha misumari iliyopinda. Kishikio akakikata kwenye bawaba ya mlango. Skurubu akazitoa kwenye kitasa kibovu. Na kibati?

Hapo ndipo alipojichimbia kaburi.

Wiki ile alikuwa anang'oa mbao za kinu cha kusaga unga kwa maji ya mto, kilichokufa miaka arobaini iliyopita. Kwetu kila mtu anajua majini hukaa kwenye vinu. Chini ya kizingiti akakuta hirizi: kikasha cha shaba, ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwa nta. Na hirizi ukiiokota huifungui. Unaishika kwa kitambaa, unaipeleka kwenye maji yanayokwenda, unaitupa umefunga mdomo, unarudi bila kugeuka. Hata mlevi anajua. Mto ulikuwa hatua sita. Lakini Rifet akagonga kikasha kwa ukucha, kikalia vizuri: shaba ya zamani, nyembamba, ngumu. Akakitia mfukoni. Karatasi ya ndani akawashia sigara.

Basi akakibana kifuniko kwenye jiliwa, akakipiga tupa mpaka kikawa duara, akakitoboa, akakifunga. Adhuhuri akashuka na bunduki malishoni nyuma ya nyumba, akatundika karatasi, akalala kifudifudi na kuchungulia.

Wallahi alikuwa anaona. Nywele za nguruwe wa karatasi angeweza kuzihesabu. Na upande wa kulia wa nguruwe alikuwa amesimama mtu.

Mtu huyo alikuwa amempa mgongo. Koti refu la sufi, limelowa, maji yanachuruzika kwenye pindo.

"Toka hapo we!" Rifet akafoka, akainua kichwa.

Malisho yalikuwa matupu.

"Unamfokea nani?" mkewe Zumra akauliza kutoka kwenye kamba ya nguo. "Umeanza kugombana na majani?"

"Kuna mtu."

"Kuna wewe, na kuna mimi, na kuna ng'ombe wa Hazim. Labda ng'ombe amevaa koti."

Akachungulia tena. Mgongo uko palepale. Akajiambia ni mkwaruzo ndani ya tundu, akafyatua. Risasi ikaingia chini kushoto. Akalegeza skurubu, akakipandisha kibati na kukisogeza kulia kwa unene wa ukucha, akafyatua ya pili. Karibu na katikati. Ya tatu, katikati kabisa. Angeruka kwa furaha, isipokuwa kwa jambo moja. Baada ya risasi ya kwanza, lile bega lilikuwa limesogea. Baada ya ya pili lilisogea zaidi. Baada ya ya tatu, Rifet aliona sikio.

Hakupiga ya nne.

Kesho yake nyumba ikaanza kunuka. Si uozo, harufu ya sufi mbichi na unga uliolowa, inayokufuata chumba hadi chumba. Zumra akafunua pipa la unga akakuta umegandamana, una maji, na dari haivuji. Siku ya tatu, wanakunywa kahawa mchana kweupe, ukutani kukaanza kulia kata-kata-kata, taratibu, kwa mpigo wa gurudumu la kinu linalozungushwa na maji.

Zumra akaweka kikombe chini. "Rifet," akanong'ona, "kile kinu kina gurudumu?"

"Lilioza kabla hatujaoana."

"Basi ni nini kinazunguka nyumbani kwangu?"

Akamwita Bi Behija, yule bibi anayetoa watu hofu kwa kuwamwagia madini ya risasi. Usicheke; wanaocheka ndio wanaompigia simu. Bi Behija akamkalisha Rifet kwenye kigoda, akamfunika shuka jekundu, akayeyusha madini kwenye kijiko cha chuma, akayamwaga kwenye bakuli la maji lililoshikwa juu ya kichwa chake. Yakalia chsss. Akarudia kifuani, akarudia magotini. Kwa kawaida hutoka umbo la mbwa, au la mti, au la mama mkwe. Safari hii mara zote tatu ilitoka pete.

"Umetoboa nini wewe?" akauliza bibi.

Rifet akasema yote, chini ya shuka, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu.

"Na karatasi?"

"Nimewashia sigara, Bi Behija."

"Ilikuwa tamu?" Akaweka kijiko chini. "Sikiliza. Aliyeandika hirizi ile alimgeuza yule jini uso ukutani, akamfungia hivyo. Wewe umemfungulia dirisha. Kila ukifyatua, anadhani anaitwa, na akiitwa anageuka. Ameshafika wapi?"

"Sikio."

"Leo hii, mtoni."

"Jumapili ndiyo siku ya majaribio, bibi. Ikipita Jumapili nakitupa mwenyewe. Bila kile siwezi kupita, na nisipopita, bunduki ya baba inaondoka."

"Zinatakiwa ngapi?" Zumra akadakia.

"Nne kati ya tano."

"Nne zitamfikisha shavuni," Bi Behija akasema. "Labda puani. Akikutazama uso kwa uso, atakuwa ameona mlango. Na mlango wao ni macho."

"Basi piga nne," Zumra akasema. "Ya tano ibaki mfukoni. Apa."

Rifet akaapa.

Jumapili wanaume wote walikuwepo uwanjani, supu ya maharage ikichemka kwenye sufuria kubwa, chupa ya gongo ya plamu ikizunguka mikononi mwa walioapa kuwa hawanywi. Hazim, mwenyekiti wa chama, mwenye tumbo la cheo, alikuwa anatazama karatasi kwa darubini.

"Fundi huyo," akatangaza. "Mlioko chooni tokeni."

Wakacheka. Rifet akalala chini. Ya kwanza ikaingia katikati na shingo iliyolowa ikazunguka. Ya pili ikaingia na shavu likatokea, jeupe kama tumbo la samaki. Ya tatu ikaingia na ile harufu ya unga mbichi ikamjaa puani, hapo nje, katikati ya moshi wa baruti na supu, na gurudumu likaanza kulia, si ukutani tena bali ndani ya fuvu lake, kata-kata-kata. Na alipofyatua ya nne, huku jasho likimwingia kwenye kope, ncha ya pua ikajitokeza, na kona ya mdomo, na ile kona ikapanda juu, taratibu, kama ya mtu aliyesikia jina lake likitajwa na mtu anayempenda.

"Nne," Hazim akasema, na safari hii hakuna aliyecheka. "Zote zimo."

Rifet akainuka kwenye kiwiko. Nyuma ya kamba, Zumra alikuwa amejishika kilemba kwa mikono miwili.

"Ya tano unampelekea nani?" Hazim akauliza. "Mkeo akaipike?"

"Nne zinatosha."

"Kwa kupita zinatosha. Mimi baba yako nilimwona akiweka tano kwenye kisoda, gizagiza hivi, na mvua. Lakini sawa, fundi. Nne ni nzuri kwa mtu wa umri wako."

Hapo ndipo ningekushika mkono, ungekuwa wewe. Ila kwetu mwanamume anaweza kuvumilia njaa, vita na mama mkwe, hawezi kuvumilia Hazim. Rifet akalala tena. Akamsikia Zumra akiita jina lake mara moja, kwa sauti ya chini. Akafyatua.

Hakuona nguruwe, wala malisho, wala koti. Tundu lilikuwa jeusi, na akadhani limeziba, akasogeza jicho karibu zaidi ili aone limezibwa na nini, na ndipo lile jeusi lilipopepesa, kwa sababu lilikuwa jicho, limebandikwa upande wa pili wa shaba, na kope zake ndefu zilizolowa zikagusa kope zake yeye.

Risasi tano, duara moja. Wanaume wakampiga mabegani wakidhani anatetemeka kwa furaha.

Jioni ileile Bi Behija akakifungua kilenga kwa bisibisi, akakifunga kwenye kitambaa, akakitupa mtoni, akarudi bila kugeuka. Harufu ikakata. Ukuta ukanyamaza. Unga wa Zumra ukakauka, akaoka mkate, akaimba. Rifet hakumwambia kwamba tangu siku ile jicho lake la kulia linaona kila kitu kupitia duara, na pembeni pote ni giza, na giza hilo linahema.

Ilibaki karatasi moja tu kibali kitoke: cheti cha daktari wa macho. Wakashuka mjini. Daktari alikuwa binti mdogo, mchangamfu, ana picha ya mtoto wake mezani. Akamweka Rifet kidevu kwenye kile chombo chao, akawasha taa, akachungulia ndani ya jicho.

"Tazama mbele, mzee. Usipepese."

Akasogeza taa kidogo, akachungulia tena.

"Mzee," akasema polepole, "huyu ni nani?"

Rifet hakujibu. Angeweza. Neno moja tu, "acha", au "usitazame", lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Cheti kilikuwa mezani, tupu, kinasubiri saini.

Daktari akasogeza jicho karibu zaidi.

Mara giza likamtoka Rifet, lote, kama shuka linalovutwa. Akaona chumba kizima, kona kwa kona: pazia la njano, kalenda, na binti akijiegemeza nyuma kwenye kiti, akipangusa jicho lake la kulia kwa mgongo wa mkono, kope zimelowa. Mkono wake ukasaini. Hakuangalia alichoandika.

"Macho yako mazima kabisa," akasema.

"Ahsante, binti yangu."

Zumra alikuwa anamsubiri kwenye korido. "Amesemaje?"

"Bunduki inabaki," Rifet akasema, akamshika kiwiko, akatembea haraka kuelekea ngazi, kwani nyuma ya mlango kitu kilikuwa kimeanza kulia, taratibu, kata-kata-kata. Kwenye mabenchi walikuwa wamekaa watu kumi na mmoja, kila mmoja na namba yake mkononi. Mlango ukafunguliwa kidogo. Sauti ya daktari ikamwita anayefuata.