Nyasi Zilizongojwa Zikauke

Sogeeni, jamani, mjue yaliyomkuta jirani yetu Mama Nyuki, mfugaji wa nyuki.

Asubuhi moja, mvua zimeshakatika, alikuwa uani akikamua masega, ametulia. Mumewe alikuwa amefariki, na kilichobaki cha mikono yake ni mizinga aliyoichonga na kuitundika msituni. Kila alipokwenda kurina asali, mama huyu aliketi chini ya mizinga akamsemesha marehemu kana kwamba yupo. Alimkumbuka mno, wala hakuona haya kusema.

Enzi za mumewe, mvua zikikatika tu, kijiji kizima kilitoka na umande kuchoma ukanda wa nyasi kandokando ya msitu. Nyasi zikiwa na ubichi, moto hutambaa polepole na kuzimwa kwa matawi. Ukanda ukishaungua, moto wa kiangazi hukosa pa kupitia.

Basi akamfuata mdogo wa marehemu, aliyeachiwa usimamizi wa kazi hiyo.

"Shemeji, mvua zimekatika. Tunachoma lini?"

"Aa, shemeji, nyasi bado mbichi! Tutakula moshi bure. Ngoja zikauke, ni kiberiti kimoja tu, kazi kwisha."

"Kaka yako hakungoja zikauke."

"Kaka alipenda kujitesa."

Majirani waliokuwapo wakacheka. Nani anapenda kuamka na umande? Nyinyi mnaonisikiliza, msijifanye hammo. Mama Nyuki akaona atawachosha, akarudi kwake kimya.

Nyasi zikakauka. Shemeji akawaita watu mchana, jua kali, upepo umeshaamka. Kiberiti kimoja kilitosha kweli. Moto uliruka matawi na watu, ukaingia msituni, kila mtu akakimbia kuokoa roho yake.

Ulipopoa, Mama Nyuki alikuta mizinga imekuwa mkaa. Shemeji alisimama nyuma yake akilia.

"Nisamehe, shemeji. Nitakuchongea mingine."

"Chonga tu, nyuki watarudi. Lakini ile aliyoichonga yeye nitaipata wapi? Leo ndiyo nimefiwa."

FUNZO

Ndugu zangu, wazee hawakuchoma nyasi mapema kwa kupenda tabu. Walijua moto mdogo wa wote huzuia moto mkubwa usio na mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta hazijengeki tena. Tuchome kwa pamoja, nyasi zingali na ubichi. Na wewe unayeona kazi ya kijiji inacheleweshwa, usirudi nyumbani kimya.