Mluzi Kwenye Bomba la Kakoba

Asubuhi ile mama mdogo wangu, Uwamariya, alikuwa akifua nguo uani kwake Kakoba, mjini Mbarara. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 2011. Yeye na mume wake Mihigo walikuwa wametoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuja kuuza maziwa mjini, wakapanga nyumba yenye bomba lake. Kwa watu waliozoea kupanga madumu kwenye foleni, bomba la uani lilikuwa kama ng'ombe wa maziwa aliyefungwa mlangoni. Naandika kama alivyonisimulia. Sehemu ya mwisho niliiona mwenyewe.

Povu likiwa bado kwenye beseni, maji yakakatika. Mtaa mzima ulikauka. Baba mdogo Mihigo akaja na mzaha wake. Kwetu Kongo, milimani Itombwe, ng'ombe wakifika kisimani mchungaji huwapigia mluzi mrefu, wa taratibu, ndipo wanywe. Akaliinamia bomba, akalipigia mluzi ule. Binti yao Uwitonze, mtoto wa miaka minne, akacheka, akaweka mdomo chini ya bomba kama ndama.

Bomba likakohoa. Maji yakatoka. Uwitonze akanywa.

"Mama Uwitonze," jirani yao Goretti akaita kutoka ng'ambo ya ukuta, "bomba yenu imeokoka ao? Siye yetu ingali mu zambi!"

"Leta bido yako, acha maneno mingi," mama mdogo akamjibu, naye akicheka, na dumu la Goretti likapitishwa juu ya ukuta.

Tangu hapo, kila maji yalipokatika mtaani, Mihigo alipiga mluzi na bomba lao likatoa. Maji yalikuwa baridi hata juani, na yalinukia majani mabichi. Mama mdogo ni mtu makini. Kambini tulifundishwa sote namna ya kuyatunza maji, naye hakuruka hata hatua moja. Aliyachemsha. Alitia vidonge vya dawa. Aliyachuja kwa kitambaa cheupe. Na kila alipokikunjua kitambaa, alikuta vinywele vifupi, vyekundu, kama vya ndama. Uani hapakuwa na ng'ombe.

Majirani waliyanywa wasidhurike. Aliyebadilika ni Uwitonze. Alianza kuomba maji kabla ya kumaliza aliyopewa. Alimaliza kikombe, akamaliza jagi, akarudi bombani na kulilamba. Mwanzoni wazazi wake walidhani ni joto. Kisha mama mdogo akagundua jambo jingine.

Mtoto alikuwa hakojoi.

Hospitalini walimpima sukari, wakampima damu. Mama mdogo alikuwa amebeba chupa ya maji ya bomba, nayo wakaipima. Daktari alisoma majibu, akavua miwani.

"Maji haya ni safi," alisema. "Mtoto hana ugonjwa tunaouona. Lakini amekauka kabisa. Mama, mbona humpi maji?"

 Uwitonze alikuwa mapajani pa mama yake, akinyonya ukosi wa blauzi uliolowa jasho.

Mwenye nyumba alileta fundi wa bomba, mtu wa hapo Mbarara, jina lake Kabanda. Alichimba chini ya bomba mchana wa jua kali. Hakufika mbali. Akamwita Mihigo aje aguse. Mpira wa maji uliishia pale pale kwenye udongo. Haukuwa tena umeunganishwa na kitu. Mdomo wake ulikuwa mkavu, umejaa vumbi.

"Muzee, hii bomba haiko kwa laini," Kabanda alisema polepole. "Nani alikuwa napatia nyinyi maji?"

Juu yao bomba lilidondosha tone.

Kabanda aliondoka akaacha sepetu yake shimoni. Hakuirudia.

Siku hiyo hiyo walifunga virago, wakarudi Nakivale kwa mama yake Mihigo, bibi Kantengwa. Mihigo alimweleza yote.  Bibi akanong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na mtungi uliokuwa kando yake.

"Ulipiga muluzi ya kunywesha, na ng'ombe haiko?"

"Nilikuwa nacheza tu, mama."

"Muluzi haiiti maji, mwanangu. Inaita mwenye kiu." Akamgeukia mtoto. "Sasa, nani alikunywa wa kwanza?"

Mihigo alifunika uso.

Mchungaji wa kanisa letu, Natanaeli, alifunga na kuomba. Tulimpa Uwitonze maji ya ziwa yaliyosafishwa, maji ya mvua tuliyoazima kwa watu, maziwa yaliyokamuliwa muda huo. Alikunywa yote. Kila mara alirudisha kikombe na kutuangalia kana kwamba tunamdanganya.

"Mama, hii ni kavu."

Midomo yake ilipasuka. Ngozi ikajikunja. Hatukuwa na la kufanya ila kumimina. Tulimimina. Adhuhuri moja aliomba tena. Mama mdogo akainuka kuchota. Aliporudi, kikombe kimejaa, hakukuwa na wa kukipokea.

Wanawake walimwosha. Mimi nilishika jagi. Nilimwagia maji kichwani, kifuani, miguuni.  Nikajaza jagi tena, nikamwagia. Beseni lililowekwa chini yake lilikuwa kavu.

"Tosha," bibi Kantengwa alinong'ona. "Mumufunike."

Tulimzika mteremkoni, nyuma ya mashamba. Mvua za mwaka ule zilichelewa, kisha zikaja kwa wingi, na makaburi yote yakaota nyasi. Kaburi lake bado ni vumbi. Nimesimama pale mvua ikinyesha, maji yakinichuruzika shingoni, nikaona matone yakianguka juu ya udongo ule na kutoweka bila kuacha alama. Ukiugusa, ni wa moto na mkavu.

Mvua ikikatika, mama mdogo hubeba dumu lake na kupanda mteremko. Humimina mpaka liishe, halafu hushuka kuchota jingine. Hatumzuii.